Siku ya Kumuenzi Kuntai

Kuntai alipozikwa, waombolezaji wote walitosha chini ya mgunga mmoja, na nusu yao waliondoka mara tu nyama ilipokwisha. Mheshimiwa Leshan hakuwapo. Alikuwa Nairobi kwenye semina, alisema baadaye, na simu yake ilikuwa imeisha chaji kwa siku tisa. Basi Nalotuesha, mjane wa marehemu, alipoyaona magari mawili meupe yakiyumba kwenye njia ya ng'ombe asubuhi ya Jumatano, karibu mwaka mzima tangu mazishi, hakuinuka kwenye kigoda. Aliendelea kuchambua maharagwe. Mtu anayekuja na magari mawili kumtembelea mwanamke mmoja, alijiambia, amekuja kuchukua kitu ambacho hakiingii kwenye gari moja.

Leshan alishuka wa kwanza. Alikuwa MCA, mwakilishi wa wadi yao katika bunge la kaunti, muhula wa pili, na siku hiyo alivaa suti ya buluu na shuka nyekundu begani. Shuka ilikuwa imepigwa pasi. Nalotuesha aliitazama ile mikunjo iliyonyooka akasikia kinyaa, maana katika miaka yake sabini hakuwahi kuona Mmaasai aliyeiweka shuka yake chini ya pasi. Nyuma yake alishuka Mbugua, muuza ploti wa Kitengela, ambaye sura yake ilitabasamu kwenye nguzo za stima kuanzia Kitengela mpaka Isinya.

"Takwenya, Yeyo," Leshan alisema, akainamisha kichwa ili aguswe kama mtoto mbele ya mama.

"Iko," aliitika Nalotuesha, akamgusa utosini kwa vidole vyenye vumbi la maharagwe. Mila ni mila, hata kwa kichwa kama kile.

"Yeyo, tumekuja kwa jambo la heshima. Jumamosi inatimia mwaka mmoja tangu Mzee atuache. Hatuwezi kunyamaza. Mzee ako na legasi kubwa, na legasi kama hiyo haiwezi kuachwa tu hivi porini."

"Nani ameiacha porini?"

"Sisi sote, Yeyo. Sisi sote." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetubu dhambi za jirani.

Mbugua alikaribia, akakwepa kinyesi cha ndama kwa kiatu chake kilichochongoka. "Mama, tunataka kujenga kituo. Kituo cha Kumbukumbu ya Kuntai. Kitakuwa na maktaba, kitakuwa na ukumbi, na pale mbele sanamu ya Mzee akiwa amekaa chini, vile alikuwa anapenda kukaa."

"Mtajenga wapi?"

"Hapa Enkutoto," alijibu Leshan haraka. "Pale karibu na kisima. Mambo ya karatasi usijali, hayo ni ya technical. Wewe Jumamosi kazi yako ni kubariki tu."

Waliacha katoni mbili za mafuta ya kupikia na leso yenye picha ya Kuntai. Walipoondoka, Nalotuesha aliifungua ile leso akaitazama. Walikuwa wamempa Kuntai meno yote. Zamani jina la aliyekufa halikutajwa ovyo, watu walilizunguka kama shimo. Sasa hata uso wake ulikuwa umechapwa kwenye nguo ya kufungia makalio. Aliikunja leso akamfunika nayo kuku aliyekuwa akiatamia.

Hakuwa mjinga. Enkutoto ilikuwa ekari tisini zenye kisima na josho, na ndiyo ardhi pekee ya pamoja iliyobaki upande ule. Ranchi ya jamii ilipogawanywa, kila mtu alipewa kipande chake, na kila mtu akakiuza kwa fujo. Wengine waliuza wakanunua pikipiki, pikipiki ikafa, wakabaki na helmeti. Siku hizi ukisimama juu ya kichuguu uliona mabati ya Kitengela yakimeta upande wa kaskazini, kuta za mawe zikija mwaka baada ya mwaka, na nyaya kila mahali. Ng'ombe wa familia karibu mia mbili walikunywa maji Enkutoto kwa sababu hapakuwa tena na mahali pengine pa kunywa. Kisima kile kikifungwa, watu hao wangeuza mifugo yao yote mnadani Bisil kwa bei ya kutupa, kisha waende Kitengela kulinda mageti ya nyumba zilizojengwa juu ya malisho yao.

Na Enkutoto ilibaki kwa sababu Kuntai alikaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kukaa. Hakuwa msemaji mzuri. Alikuwa mtu mrefu, mkaidi, mwenye kofia ya sufu aliyoipenda kuliko watoto wake, na Nalotuesha hakuona haya kulisema hilo. Mwaka wa tisini na mbili, maofisa walipokataa kuandika wajane kwenye daftari la ranchi, Kuntai aliwachukua wajane kumi na wanne akaenda nao mpaka ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, akaketi sakafuni mlangoni. Wakamwambia aondoke. Akasema anangoja. Wakamfunga, wakamtoa, akarudi akaketi palepale. Alifungwa mara kumi na moja kwa kosa la kukaa. Aliketi mbele ya tingatinga wachimba mawe wa Kitengela, Wakikuyu kwa Wakamba, walipokaribia kubomolewa vibanda vyao. Watu wake mwenyewe wakamuuliza hao ni nani wake, naye akajibu kwamba haki haiulizi mtu ametoka kijiji gani. Aliketi Enkutoto siku thelathini na sita mpaka mpima ardhi akakunja vyombo vyake akaenda zake. Baadaye mahakama ya Kajiado iliandika kwamba ardhi ile ni ya jamii, na kwamba haiwezi kubadilishwa matumizi mpaka wanachama wakutane, wakubali, na watie sahihi.

Sifa zote hizo zilikuwa zake. Siku zote hizo thelathini na sita, na miezi yote ya jela, Nalotuesha ndiye aliyekamua, akauza maziwa, akalipa karo, akazaa, akazika mtoto mmoja. Kuntai alipotoka jela mara ya saba alimletea zawadi ya sabuni ya jela. Alimpenda, ndiyo. Lakini aliposikia watu wakimwita baba wa taifa la wanyonge, alitamani kuwauliza ni nani aliyekuwa akifua shuka za huyo baba.

Na Leshan? Leshan alisomeshwa na Kuntai. Akiwa kijana ndiye aliyebeba kipaza sauti, akipiga kelele za haki mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kumbe alikuwa anafanya mazoezi ya kampeni. Kuntai alipolala hospitali miezi miwili, kila alipopigiwa simu Leshan alikuwa mteja asiyepatikana.

Ijumaa, kabla ya saa sita, Kamene alifika kwa bodaboda kutoka Kajiado, amebana mkoba kifuani. Kamene alikuwa Mkamba, mchapaji mwenye kibanda karibu na mahakama. Alichapa kila barua na kila ombi la Kuntai kwa miaka ishirini na sita, kwanza kwa taipu, kisha kwa kompyuta. Katika dunia nzima yeye ndiye mtu ambaye Nalotuesha hakumdharau.

"Mama Sein, lete maji kwanza," alisema, akimwita Nalotuesha kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikunywa kikombe kizima. Kisha akatoa karatasi. "Jana kijana wa ofisi ya Leshan amekuja kwangu. Anataka kuchapiwa kitu haraka haraka. Nimechapa, nimempa. Nikajichapia na yangu."

"Wamekuletea wewe?"

"Mimi ndio wa bei rahisi pale kortini. Hawajui mimi ni nani."

Nalotuesha alicheka kicheko kifupi. Miaka ishirini na sita wakubwa hao waliishi na barua za Kuntai, wakaziogopa, wakazijibu, wakazipeleka kwa mawakili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza zimechapwa na nani. Walidhani zilijichapa zenyewe.

"Nisomee."

Kamene alivaa miwani. "Miniti za mkutano wa wanachama wa Enkutoto, uliofanyika Jumamosi, saa nne asubuhi."

"Jumamosi gani?"

"Ya kesho."

Walitazamana.

"Endelea."

"Wanachama mia tatu na kumi na wawili walihudhuria. Baada ya majadiliano ya kina, wanachama waliazimia kwa kauli moja kuikodisha ardhi yote kwa kampuni ya Urithi Gadeni kwa miaka tisini na tisa. Makofi." Kamene aliinua macho. "Wameandika makofi, Mama Sein. Kwa mabano."

"Na kituo cha kumbukumbu?"

"Kiko. Ni chumba kimoja getini, karibu na askari. Hizo zingine zote ni nyumba. Kampuni ni ya Mbugua, na mkurugenzi wa pili ni shemeji wa Leshan. Halafu kuna karatasi za sahihi, ukurasa baada ya ukurasa. Juu zimeandikwa waliokubali azimio. Kesho zitakuwa kwa meza ya chakula. Ukitaka pilau na fulana, unatia sahihi."

Hasira ilimpanda Nalotuesha polepole. Wale watu hawakutosheka kuiba. Walitaka kumwiba Kuntai kwa Kuntai mwenyewe, wamfanye dalali wa kitu alichokifia.

"Na mimi?"

"Wewe uko kwa programu. Nambari kumi na tatu. Baraka, mjane wa marehemu, dakika tano. Wewe hotuba huna. Mikrofoni nimeuliza, ni ya mtu wa Mbugua. Ukianza siasa anazima."

"Mahakama je?"

"Tunaweza kwenda. Kesi itasikizwa mwaka ujao, ama ule mwingine. Hiyo siku watakuwa wamefika kwa mabati. Mama Sein, hizi karatasi zikijaa kesho, imeisha. Zikikosa kujaa, hawana kitu."

Jioni hiyo Nalotuesha alitembea boma kwa boma. Alianza kwa shemeji yake, mdogo wa Kuntai, mzee mwenye ng'ombe arobaini waliokunywa kisimani kila siku ya Mungu. Alimweleza yote. Mzee alisikiliza, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Nalotuesha, mambo haya ninayajua," alisema. "Leshan ameahidi kila mzee ploti moja. Futi hamsini kwa mia."

"Na ng'ombe wako watakunywa maji kwenye hamsini kwa mia?"

"Sisi tumechoka. Kaka yangu alikaa kwa niaba yetu miaka thelathini. Sasa na sisi tukae kwetu."

Nyumba ya pili walimwambia hawataki kugombana na mheshimiwa kwa sababu kijana wao anangoja kazi ya askari wa kaunti. Nyumba ya tatu waliomba kujua kama fulana zitakuwa za mikono mirefu. Leshan alikuwa mwizi, na mwizi unajua kazi yake. Lakini hawa! Hawa Kuntai aliwafundisha sheria mpaka ng'ombe wao wakaielewa. Aliwachukia kwa muda, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kisha akakumbuka kwamba ndio hao hao watakaolia kisima kikifungwa, na kilio chao kitakuwa cha kweli, na watakuja kulilia kwake.

Jumamosi Enkutoto ilipigwa hema sita. Hema la wageni lilikuwa na viti vilivyovalishwa nguo nyeupe na riboni, kana kwamba viti vinaolewa. Maji yalikuwa ya chupa, yamepangwa mezani hatua hamsini kutoka kisimani. Watu walifika elfu moja na zaidi, kutoka Mashuuru, Isinya, hata Ngong, na kila aliyefika alielekezwa kwenye meza ya chakula. Nalotuesha aliketi kwenye kiti chake cha riboni akawatazama wakipanga foleni, wakishika kalamu, wakiandika, wakipewa sahani na fulana yenye uso wa Kuntai. Hakuna aliyesoma kichwa cha karatasi. Shemeji yake alitia sahihi kwa dole gumba, akaomba nyama ya ziada.

Hotuba zilianza. Mzee Elphas, aliyekuwa D.O. zamani zile, aliletwa kwa gari la kaunti. Yeye ndiye aliyemtia Kuntai ndani mara nne.

"Mimi na Kuntai tulikuwa marafiki wa karibu sana," alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Tulikuwa tunashauriana mara kwa mara ofisini kwangu."

Nalotuesha alikumbuka ushauri huo. Kuntai alirudi nao nyumbani akiwa hana kucha mbili. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi kwa fulana.

Leshan alizungumza dakika arobaini. Alisema Kuntai alikuwa simba. Alisema Kuntai alimwambia siri moja akiwa kitandani, dakika za mwisho, akamshika mkono: "Leshan, usiiache Enkutoto ibaki nyuma." Nalotuesha ndiye aliyekuwa kitandani dakika hizo. Kuntai hakusema siri yoyote. Aliomba chai, na chai ilipokuja alikuwa ameshaenda. Kusikia uongo huo mbele ya watu wote, juu ya kitanda kile, kulimfanya macho yamwake kwa uchungu, na akajua kwamba hamwogopi tena mtu yeyote pale.

"Na sasa," alisema mwongozaji, "Yeyo wetu atatubariki. Mheshimiwa, wageni, wote tusimame."

Nalotuesha aliinuka na kibuyu cha maziwa na shada la majani mabichi. Mikrofoni alikataa. "Hiyo ishike," alimwambia kijana wa Mbugua. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, palipokuwa wazi, na watu wakamzunguka wenyewe, wakisogea kutoka hemani na sahani zao, maana baraka ya Mmaasai haipokewi ukiwa mbali. Mwenye kubariki anasema neno, na kila aliye pale anaitika Naai, Mungu, kwa pamoja, tena na tena, bila kupumzika. Mtoto hufundishwa kuitika kabla ya kujua kutembea. Unaitika ukiwa na njaa, unaitika ukiwa umelewa, mdomo unaitika wenyewe. Na neno ulilolipokea kwa Naai mbele ya watu huwezi kulitema, kwa sababu hukulazimishwa na yeyote.

Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili wa Kitengela nao wasipitwe.

"Mungu awape mvua."

"Naai!"

"Awape watoto."

"Naai!"

"Wasiozaa wazae."

"Naai!"

"Ng'ombe wajae boma."

"Naai!"

Alinyunyiza maziwa kwa majani, kulia, kushoto. Sauti ilishika mwendo. Wakikuyu waliokuwapo waliitika "Thaai" kama walivyozoea kwao, wengine "Amina," na vyote vikaingiana. Leshan alikuwa mbele, macho yamefumbwa, viganja vimekunjuliwa kupokea, kamera ikimtazama. Mbugua alikuwa kando yake, kofia mkononi.

"Safari zenu ziwe na amani."

"Naai!"

"Wazee waone wajukuu."

"Naai!"

"Kisima hiki kisikauke."

"Naai!"

"Kisifungwe."

"Naai!"

"Kisizungushiwe ukuta."

"Naai!"

Alikuwa anaharakisha sasa, maneno yakifuatana bila mwanya, na watu wakamfuata mbio.

"Mwenye kiu asifukuzwe hapa."

"Naai!"

"Mkono uliotia sahihi kukiuza..."

"Naai!"

"...usimbariki mtoto wake tena."

"Naai!"

"Na kinywa kilichosema ni kwa jina la Kuntai kisisikiwe."

"NAAI!"

Ile ya mwisho ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Sauti ya Leshan ilisikika wazi ndani yake, nzito, ya mtu aliyezoea kuongoza. Kisha akafumbua macho.

Nalotuesha alimimina maziwa yaliyobaki chini. "Nimemaliza," alisema. "Sijafikisha dakika tano."

Halafu mwanamke mmoja mnene, sahani mkononi, mdomo bado na wali, aliuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Ngai! Ile karatasi tumesaini pale kwa pilau, ilikuwa ya nini?"

"Ni ya mahudhurio tu, mama," alisema Leshan. "Tuendelee na programu."

"Si ya mahudhurio." Kamene alikuwa amesimama kwenye meza ya chakula, miwani puani, karatasi ya kwanza mkononi. Hakuhitaji kupaza sauti sana, maana watu walikuwa wamenyamaza kama wagonjwa. "Inasema: Sisi tuliotia sahihi hapa chini tumekubali Enkutoto yote, pamoja na kisima, ikodishwe miaka tisini na tisa. Mimi najua, kwa sababu ni mimi nimechapa."

Nalotuesha aliwaona watu wakitazama mikono yao. Kweli kabisa, watu wazima, wengine na vyeti vya chuo, waligeuza viganja wakavitazama kana kwamba wameshika kitu cha kuunguza. Shemeji yake alikuwa akisugua dole gumba lenye wino kwenye shuka. Kisha wote kwa pamoja walielekea mezani.

"Futa langu!"

"Na langu, ukurasa wa pili! Leta kalamu!"

"Mimi nimeandikia mume wangu, nifute na yeye!"

Mbugua alijaribu kuzikusanya zile karatasi. Wanawake watatu wenye uso wa Kuntai vifuani walimzuia kwa vifua hivyohivyo. "Jamani, haya ni maombi tu," alisema. "Mimi kwanza si wa hii mila. Mimi sikuitika."

"Uliitika," Kamene alimwambia. "Thaai, mara kumi na tatu. Nilikuwa nakusikia kutoka hapa." Mbugua alitafuta mahali pa kuweka kofia yake.

Foleni ya kufuta ikawa ndefu kuliko ile ya pilau. Nalotuesha aliitazama akiwa amesimama peke yake na kibuyu kitupu. Angepaswa kufurahi. Hakufurahi. Miaka thelathini Kuntai aliwaambia watu hawa: mna haki, isomeni karatasi kabla ya kutia sahihi, semeni hapana. Alifungwa mara kumi na moja akiwaambia hilo moja. Na leo walikuwa wanaokoa kisima chao, ndiyo, walikuwa wanakiokoa, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa akisema hapana. Walikuwa wanaogopa tu laana ya mikono yao. Kuntai angewakumbatia wote na kuwaita jasiri. Yeye hakuwa Kuntai. Aliwadharau sana, na akawaacha wafute.

Leshan alimjia akiwa ameishika ile shuka mkononi. Jasho lilikuwa limelegeza mikunjo yake.

"Yeyo," alisema kwa sauti ya chini. "Nitolee."

"Nikutolee nini?"

"Unajua. Mimi niko na mtoto wa miezi mitatu. Yeyo, mimi nilisaini ya kwanza kabisa, tangu Alhamisi, kama mwenyekiti wa mkutano. Niwekee mkono useme haikunipata mimi."

"Mimi sikukutaja. Nilisema mkono uliotia sahihi. Kuitika uliitika mwenyewe."

"Sikuwa nasikiliza maneno!"

"Hiyo ninajua. Hujawahi kusikiliza."

Alimtazama usoni, akaona kwamba anaogopa kwelikweli, kama mtoto, na kwamba katika maisha yake yote ya kupiga kelele za haki hicho ndicho kitu cha kweli cha kwanza alichokiona usoni mwake. Karibu amwonee huruma. Huruma hiyo ilimkera.

"Jina lako liko wapi?"

"Ukurasa wa kwanza, juu. Nitatuma kijana alifute."

"Mkono uliotia ni wa kijana?"

Leshan aliuficha mkono wake chini ya shuka.

"Foleni ni ile," alisema Nalotuesha. "Ukishafuta, uje nikuguse kichwa."

Leshan aligeuka akaenda mbele moja kwa moja, kama alivyozoea kwenda mbele kila mahali, benki, hospitali, kanisani. Alisema, "Samahani, samahani, nina haraka." Hakuna aliyempisha. Mzee mmoja alimwambia hata yeye ana wajukuu. Mwanamke aliyekuwa na wali mdomoni alimwonyesha nyuma kwa kijiko. Leshan alirudi nyuma, hatua kwa hatua, akipita watu wake wote wa kura, mpaka akafika mwisho wa foleni, ambapo mama yake mzazi alikuwa akingoja na kidole chenye wino. Mama yake alisogea mbele nusu hatua, akamwachia nafasi ya kusimama nyuma yake.